Ndoo ya Konokono Inayovuka Barabara

Asubuhi, kabla hajagusa chochote, mwanamke huyu ananawa mikono kwa maji matupu. Sabuni haipo chumbani, wala haitakiwi. Ananawa mara ya pili, anaikung'uta, kisha anasimama ameinua viganja mpaka vikauke vyenyewe.

"Sabuni humu ni sumu," anasema. "Mafuta ndiyo usiseme kabisa. Mikono yangu imepauka kama ya mtu aliyeshinda kwenye unga, lakini wanangu hawa wakionja mafuta kidogo tu kwenye maji, wanajifungia ndani ya magamba yao. Kwenye harusi ya binti yangu, mashangazi walinikimbiza na kopo la mafuta uani. Nilikimbia kama mwizi."

Wanawe anaowasema wako kwenye mabeseni ya plastiki yaliyopangwa ukutani: konokono wa maji baridi, kila mmoja mkubwa kama punje ya hindi. Chumba kinanuka bwawa. Kina dirisha moja, sinki moja, hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa, na meza ambayo leo hakuna anayeruhusiwa kuiegemea.

Juu ya meza hiyo kuna safu mbili za vikombe vidogo vya kioo, vimewekwa juu ya kitambaa cheusi. Ndani ya kila kikombe yumo konokono mmoja na maji safi. Taa imeinamishwa juu yao, inawapiga mwanga.

"Safu ile ni ya konokono wa kawaida. Hii ni ya wale wangu wagumu," anaeleza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanasikia. "Maji ya hawa yakibaki meupe, bila kitu ndani, tumefika mahali. Yakianza kutembea, basi tena."

Maji kutembea ni lugha ya humu ndani. Konokono aliyebeba vimelea vya kichocho akiwekwa kwenye maji safi na kupigwa mwanga, huvitoa kwa mamia. Juu ya kitambaa cheusi vinaonekana kama vumbi jeupe linalocheza. Ndivyo hivyo vinavyomsubiri mkulima mferejini, mtoto anayeogelea bwawani na mama anayefua nguo, vipenye kwenye ngozi bila hata kuwasha.

Konokono wa safu zote mbili waliwekwa pamoja na vimelea wiki kadhaa zilizopita. Kinachosubiriwa leo ni kimoja tu: je, wale wagumu wamevikataa, kama wazazi wao na babu zao walivyovikataa?

Watu wa pande zote mbili za barabara wanamwita Mama Konokono. Walinzi ndio walioanza kwa utani, na jina likaganda. "Siku hizi hata mume wangu ananiita hivyo tukigombana," anacheka. "Tukipatana narudi kuwa mama watoto."

Barabara yenyewe ni nyembamba, ya lami iliyochakaa pembeni. Upande wa pili umesimama uzio mrefu, na nyuma yake kituo kikubwa cha utafiti: ghorofa tatu, madirisha ya vioo, milango inayofunguka kwa kadi, rafu za konokono kuanzia sakafuni hadi darini. Kule konokono wanahesabiwa kwa maelfu, kutoka mabwawa na mifereji ya wilaya nzima.

Upande huu kuna chumba hiki, ambacho zamani kilikuwa stoo ya zahanati, na mtafiti mmoja mstaafu. Vijana wa kituoni wanamwita Babu Beseni. Jina analijua, na halimsumbui. "Wangeniita Babu Jagi ningekasirika," anasema mzee huyo. "Beseni lina heshima."

Mama Konokono amezifanya kazi za pande zote mbili, na ndiyo maana ni vigumu kumshika ulimi akiulizwa upi ni bora.

Alianzia ng'ambo, akiwa msafishaji wa sakafu. Akapandishwa kuosha vikombe, kisha kulisha konokono. Alikaa huko miaka tisa.

"Kule nikishika kikombe, sijui kimetoka bwawa gani wala kinakwenda kujibu nini," anakumbuka. "Kina namba ubavuni. Naosha, nakabidhi, naletewa kingine. Usidhani nalalamika! Ni kama kubeba zege kwenye ujenzi. Debe lako ni moja, lakini jioni ukiinua macho unaona ghorofa imepanda."

Ghorofa hiyo aliiona kwa macho yake. Kutokana na konokono wale maelfu, kituo kilichora ramani ya maji yote yenye kichocho. Mtaa wake, ulio kando ya mashamba ya mpunga, ukatokea mwekundu. Mwaka uliofuata, vidonge vikaletwa shuleni kwa watoto.

"Mwanangu wa pili alikuwa anakojoa damu na anaficha," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia. "Alidhani ni aibu yake peke yake. Kumbe darasa zima. Vidonge vile vililetwa na ramani, na vikombe vya ramani niliviosha mimi. Kwa hiyo mtu asikicheke kile kituo mbele yangu."

Lakini vidonge vinamaliza kazi mwilini tu, majini haviingii. Mume wake ni mkulima wa mpunga. Kila mwaka anameza, anapona, anarudi shambani, na kabla ya mavuno tumbo la chini linaanza tena kumchoma. Mama Konokono amejaribu kumshauri akae mbali na mfereji.

"Akaniuliza, 'Sasa mama watoto, nipande mpunga juu ya bati?'" anasimulia. "Mpaka leo jibu lake nalitafuta. Ndiyo maana niko hapa."

Namna alivyofika hapa ilianzia kwenye kompyuta. Msimamizi wa rafu za kituoni ni mwanamke kijana ambaye wenzake wanamwita Madam Namba, kwa sababu hata ukimsalimia anataka kujua umemsalimia mara ngapi. Siku moja, akipitia hesabu za konokono zaidi ya elfu arobaini, aliona wachache waliowekwa na vimelea mara mbili, tatu, na bado maji yao hayakutembea. Walikuwa thelathini na mmoja tu.

"Kwa mtu mwenye mabeseni kumi, hao hawapo," Madam Namba anaeleza. "Anaweza kufuga maisha yake yote asikutane na hata mmoja. Lazima uwe na maelfu ndipo wachache kama hao wajitokeze."

Tatizo ni kwamba mradi wake haukuwaulizia. Mradi uliulizwa vimelea viko wapi, na fedha, watu na muda vilipangwa kujibu hilo. Wale thelathini na mmoja walikuwa njiani kumwagwa pamoja na maji machafu. Madam Namba akavuka barabara, akagonga mlango wa Babu Beseni, akamuuliza kama anawataka.

"Nikamwambia nawataka leo," anasema mzee. "Halafu nikamwambia, niazime na mtu wa kuwalea. Mimi najua kuwauliza konokono maswali. Kuwalisha, nitawaua kabla ya Ijumaa."

Mtu aliyeazimwa alikuwa Mama Konokono. Lakini siku ya kuwachukua kulizuka ubishi mlangoni ambao walinzi bado wanausimulia.

"Shikamoo mama. Unakwenda nao wote?" aliuliza Madam Namba.

"Marahaba. Wote. Wako thelathini na mmoja tu, mwanangu, nimwache nani?"

"Theluthi inabaki. Ndiyo utaratibu wetu. Kila kizazi kikae sehemu mbili."

"Huo utaratibu umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulea."

"Mama, umeandikwa na mtu aliyewahi kufiwa na rafu nzima."

Mama Konokono aliondoka na ndoo yenye konokono ishirini na mmoja, akinung'unika barabara nzima. Kumi walibaki kwenye rafu ya juu kabisa, wamebandikwa kipande cha karatasi, kati ya maelfu wengine.

Chumbani kwa Babu Beseni maisha yalikuwa na mwendo mwingine. Kule ng'ambo swali likizaliwa linaitiwa kikao. Huku lilijaribiwa kesho yake, juu ya meza hiyohiyo waliyonywea chai. Je, wagumu wanakataa vimelea kwa sababu ya chakula? Wakabadilisha chakula. Kwa sababu ya joto? Wakahamisha mabeseni. Mama Konokono naye alikuwa na lake: alidai wanakuwa wagumu kwa sababu anazungumza nao.

"Tukalijaribu na hilo," Babu Beseni anasema kwa uso mkavu. "Mabeseni mawili aliyaimbia, mawili akayanunia. Matokeo yakawa sawasawa."

"Yale mawili niliyoyanunia yalinihurumia," anajibu Mama Konokono.

Kisha siku moja mzee akamwita kwenye hadubini. Ndani ya kipande chembamba cha mwili wa konokono mgumu aliona kimelea kimoja kimezingirwa na chembe ndogondogo kutoka pande zote, kama siafu wanavyomzingira panzi. Kilikuwa kinamalizwa.

"Miaka tisa nimeosha vikombe, sijawahi kuona vita yenyewe," anasema. "Nilikaa kwenye kiti. Nikasema, kumbe kitu kidogo hivi kinaweza kuukatalia ugonjwa kabla haujamfikia mtu."

Wagumu wakataga mayai. Watoto wao wakajaribiwa. Maji yakabaki meupe. Chumba kile cha stoo kilianza kuota ndoto. Kama ugumu ule unarithiwa, siku moja pengine mifereji ingeweza kujaa konokono wasiokubali kubeba kichocho, na mkulima akarudi majini bila kulipia kwa mwili wake. Babu Beseni alimkataza Mama Konokono asiseme hivyo mbele ya watu. Nyumbani alisema, kwa mume wake tu, taa zikiwa zimewashwa na chakula kikiwa mezani. Mume akasimamisha tonge hewani. "Basi walee vizuri hao," akamwambia.

Halafu zikaja mvua.

Konokono hawa hula majani ya saladi yaliyokaushwa. Mama Konokono alinunua saladi kwa muuza mboga mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye anajulikana hatii dawa shambani kwake. Mvua ilipofurisha shamba, rafiki yule alichukua mzigo kwa mkulima mwingine ili asimwangushe mteja wake. Majani yalikuwa mazuri, mapana, hayana hata tundu moja la mdudu.

"Hapo ndipo ningeshtuka," anasema Mama Konokono. "Jani lisilo na tundu! Lakini nani anashtukia mboga nzuri?"

Yalikuwa yamepuliziwa dawa ya wadudu. Asubuhi yake alikuta konokono wamepanda kingo za mabeseni, wanajaribu kutoka majini. Kufika mchana walikuwa wameanguka. Mabeseni yote ya wagumu yalinyamaza, wazazi kwa watoto. Babu Beseni alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani mkononi.

"Mama," akasema, "tumebaki na maji."

Muuza mboga alipopata habari aliacha genge wazi akaja mbio. "Shoga, nimekuulia wanao," alilia mlangoni.

"Hujaua mtu. Ungejuaje? Ingia ukae," alimwambia. Wakakaa wote watatu.

Huo ndio udhaifu wa chumba kidogo, na Babu Beseni hauzungushi. "Hapa kila kitu kinapita kwenye mkono mmoja na kapu moja. Uzuri wake ni kwamba unaona kila kitu. Ubaya wake, kapu likikosea, kila kitu kinakwenda." Ng'ambo wana bustani yao ya saladi, na kila mzigo mpya unalishwa kwanza konokono wa majaribio, siku kadhaa, kabla haujaingia kwenye rafu. Mama Konokono aliwahi kuucheka utaratibu huo. Aliuita kuonjeshana kama mfalme.

Siku iliyofuata alivuka barabara na ndoo tupu.

Madam Namba hakuuliza maswali. Alimpitisha mlango wa kwanza kwa kadi, wa pili kwa kadi, akaleta ngazi, akapanda hadi rafu ya juu. Wale kumi walikuwa hai. Walikuwa wametaga, watoto wakakua, na watoto nao wakataga.

"Hakuniambia 'si nilikuambia'," Mama Konokono anasema. "Angesema ningemkubalia, alikuwa na haki. Alinipa taa tu akasema, 'Wahesabu mwenyewe, mama.' Nilishindwa kuhesabu. Namba zilikuwa zinaelea. Nililia pale kati ya rafu, na yule binti akajifanya anatafuta kalamu."

Konokono wagumu walio mezani leo ni wajukuu wa wale kumi.

Muda wa taa umekwisha. Babu Beseni anaingia, amevaa koti lililofungwa vifungo vibaya. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ile aliyogonga mlango, anaingia Madam Namba. Amebadilisha viatu kizingitini, kama sheria ya kwake inavyotaka, na amebeba kalamu mbili.

Wanaanza na safu ya konokono wa kawaida. Si lazima mtu ainame sana. Kikombe baada ya kikombe, vumbi jeupe linacheza juu ya kitambaa cheusi.

Kisha wanahamia safu ya pili. Mama Konokono anatangulia, uso karibu na kioo, pumzi ameibana. Cheupe. Cheupe. Cheupe. Anapita hadi katikati, kisha anasimama.

"Hiki kinatembea," anasema.

Mbele kidogo kuna kingine. Anamaliza safu, anarudi tena kwenye vile viwili, anaviangalia kama mtu aliyesomewa majina ya walioshindwa akakuta la mwanawe.

"Viwili kati ya arobaini na vinane," Madam Namba anasema, na sauti yake haiwezi kuficha furaha. "Mama, unajua maana yake?"

"Maana yake viwili vimeniangusha."

"Vimekuokoa," anasema Babu Beseni. "Ningeona sufuri ningelala na wasiwasi kwamba tulisahau kuwapa vimelea. Hii inafanana na ukweli. Lakini kufanana hakutoshi. Konokono arobaini na wanane, huenda ni ukweli, huenda ni bahati. Mimi siwezi kujua humu ndani hata nikiishi miaka mingine themanini."

Hakuna haja ya kumalizia. Wote watatu wanajua maneno yanakoelekea. Ili kujua kama ni bahati, wagumu lazima wawe maelfu. Wawekwe kwenye maji ya mabwawa mbalimbali, na vimelea vya sehemu mbalimbali, kwenye matangi yaliyozibwa, kwa misimu kadhaa. Chumba hiki hakina nafasi hiyo wala watu hao. Kituo kinavyo, na safari hii, Madam Namba anasema, swali limeshapita kikaoni.

Mama Konokono anafuta meza ambayo tayari ni safi.

"Kule watabandikwa namba," anasema.

"Watabandikwa," anakubali Madam Namba. "Na mlezi wao namtaka na yeye. Nina vijana sita wapya wa rafu, mama, na wote wanapaka losheni."

Mama Konokono anacheka, na chumba kizima kinapumua.

"Losheni! Nitawanawisha mpaka wapauke," anasema. "Lakini sihami. Asubuhi niko kwako, mchana niko hapa na mzee. Hivi viwili vilivyotembea nataka kujua vimekosa nini, na kule kwenu mtavipoteza kwenye wastani. Viatu nitabadilisha mara ishirini ukitaka."

"Mara mbili zinatosha," anajibu Madam Namba.

Anachukua ndoo, anaisuuza kwa maji matupu. Mmoja mmoja, kwa kijiko cha plastiki, anawahamisha konokono wagumu, isipokuwa wale wawili. Babu Beseni anashika taa. Ndoo inapokaribia kupata wote, Mama Konokono anasimamisha kijiko. Anarudisha nyuma, anahesabu kwa midomo, anaanza kujaza beseni moja dogo lililo chini ya dirisha.

Madam Namba anahesabu naye kwa macho.

"Theluthi inabaki," Mama Konokono anasema bila kugeuka. "Ndiyo utaratibu."

Anapanga kuwa na wagumu maelfu kabla msimu wa kupanda mpunga haujarudi mara ya pili. Akifika hapo, ana ombi moja: tangi la kwanza la majaribio lijazwe maji ya mfereji ule ambao mume wake anauingia kila siku. "Sitaki mengine," anasema. "Nataka kumwona amesimama kwenye maji yake mimi nisihesabu miezi hadi tumbo limchome tena."

Anatoka na ndoo, mikono imepauka, hatua fupi ili maji yasimwagike. Gari moja linasimama kumpisha. Ng'ambo, mlinzi wa lango anainua kizuizi, na kwa mazoea anamtania.

"Mama Konokono! Leo unarudisha mali ya watu?"

"Sirudishi kitu," anamjibu, akipita na macho yake ndani ya ndoo. "Nawaazima tu."